Chupa moja ya oksidi ya grafini, na haidro ya shangazi

Kifurushi kilifika na doa la kahawia pembeni, na kabla sijakata selotepu nilishajua kifuniko kimelegea njiani. Ndani kulikuwa na mililita 250 za oksidi ya grafini iliyochanganywa na maji, miligramu 4 kwa kila mililita, kwenye chupa nyeupe ya plastiki iliyotiwa ndani ya mfuko wa nailoni ambao haukubanwa vizuri. Iliyomwagika haikuzidi vijiko viwili vya chai. Lakini nauli ya ndege ilikaribia kulingana na bei ya chupa yenyewe, kwa hiyo vile vijiko viwili viliniuma.

Mimi ni fundi maabara katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wananijia na swali lile lile kila muhula: tununue ipi, na tukishanunua tuivue oksijeni kwa kutumia nini? Nimechoka kujibu kwa mdomo kwenye korido. Duka silitaji, malalamiko yangu wameshayapata kwa barua pepe na wamejibu baada ya siku tisa.

Kwa asiyejua tunazungumzia kitu gani: kinywe, yale madini meusi yanayopatikana Mahenge na Ruangwa, na ambayo watu wa Mererani wanayakuta kwenye miamba ile ile ya tanzanaiti, ni tabaka juu ya tabaka za kaboni kama chapati za ajemi. Tabaka moja peke yake, lenye unene wa atomu moja, ndiyo grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov walilipata Manchester mwaka 2004 kwa selotepu: unabandika juu ya kinywe, unabandua, unakunja na kubandua tena, mpaka ubaki na utando usioonekana. Mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya Fizikia. Ila kwa selotepu unapata punje ya kutazama kwa hadubini. Mwanafunzi anayetaka kutengeneza elektrodi ya betri au chujio la maji anahitaji gramu nzima, na hapo ndipo kemia inapoingia. Unakilazimisha kinywe kumeza oksijeni, matabaka yanaanza kupenda maji na kuachana yenyewe, na hiyo ndiyo oksidi ya grafini, halafu unaipokonya ile oksijeni. Kinachobaki kinakaribia grafini. Nasisitiza, kinakaribia.

Mtu ataniuliza, nchi yenye kinywe chote hicho, kwa nini uagize oksidi kwa ndege? Swali zuri, na hata mimi nililiuliza kwenye kikao cha idara. Njia ya kuitengeneza inajulikana tangu mkemia Brodie mwaka 1859, na inayotumika zaidi ni ya Hummers na Offeman ya mwaka 1958: unga wa kinywe, asidi ya salfuriki kali, nitrati ya sodiamu, halafu unaongeza pamanganeti kidogo kidogo juu ya barafu. Barafu ndiyo yenye kazi hapo. Pamanganeti ikikutana na asidi kali inazaa kitu cha kijani cheusi ambacho kikipashwa moto kupita nyuzi 55 hivi kinalipuka. Nitrati nayo inatoa moshi wa kahawia unaochoma kifua. Mwaka 2010 kundi la mtafiti James Tour kule Marekani liliitoa nitrati na kuweka asidi ya fosforiki, moshi ule ukaisha, lakini pamanganeti na asidi vimebaki. Kabati letu la kuvuta moshi lina feni inayozunguka ikijisikia. Mkuu wa idara alisema hapana, nami sikubishana. Tukanunua chupa.

Basi chupa. Ukiifungua, ni nzito na ya kahawia iliyokolea, kama uji wa ukwaju. Ukiinamisha inashuka taratibu ukutani na kuacha utando unaong'aa kidogo. Ukichukua mililita 5 na kuzitia kwenye mililita 195 za maji yaliyotoneshwa unapata chai ya rangi isiyo na masizi hata chembe. Nilizungusha chupa, nikaitikisa, nikaiacha juu ya meza kwa wiki mbili, na hakuna kilichotuama chini. Kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa, kilele kilitokea karibu nanomita 230 na bega dogo karibu na 300, kama inavyotakiwa. Kwa ubora wa kilichomo ndani sina neno. Na hesabu yake ni nzuri: gramu moja ya oksidi kwa chupa, jaribio moja la kawaida linakula miligramu 20, kwa hiyo unapata majaribio 50 ukitoa yale yanayoharibika.

Wanaandika usiigandishe. Wasikilize. Mwenzangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliichukua sampuli ndogo akaiweka juu kwenye friza pamoja na vimeng'enya vyake. Ilipoyeyuka ilikuwa mabonge kama maziwa yaliyokatika, na hakuna kukoroga kulikoyarudisha. Vilevile usiikaushe ukidhani utaiyeyusha tena baadaye. Ikishakauka inakuwa ganda kama karatasi ya ngozi, na kulirudisha kwenye maji ni kazi ya kutwa nzima na hairudi yote.

Malalamiko yangu makubwa ni jina. Kwenye ukurasa wao wameandika kwa herufi kubwa "grafini", na neno oksidi liko chini kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi. Ni vitu viwili tofauti! Oksidi haipitishi umeme. Wanafunzi wawili wa chuo jirani walinunua hiyo hiyo, wakaipaka moja kwa moja kwenye elektrodi, wakakaa mwezi mzima wakijiuliza kwa nini mita haisomi kitu.

Na kibaya zaidi, kwenye oda ile ile niliongeza pakiti ndogo ya unga waliouita grafini safi asilimia 99. Niliupokea, nikausugua kati ya vidole viwili nikiwa na glavu: kijivu, unateleza, unameremeta. Niliupaka kwenye karatasi ukaandika kama penseli. Hicho ni kinywe kilichosagwa, baba. Kaboni asilimia 99 ni kweli, hata penseli ina kaboni. Sikushangaa sana kwa sababu mwaka 2018 watafiti wa Singapore walipima bidhaa za makampuni 60 duniani wakakuta nyingi zina grafini chini ya asilimia 10, na hakuna hata moja iliyopita asilimia 50. Nyota nne kati ya tano kwa chupa. Kwa pakiti, nyota moja, na hiyo ni kwa sababu mfuko wake una zipu nzuri nimeuhifadhi.

Sasa tuje kwenye kuivua oksijeni, maana hapo ndipo hela inapookolewa au kupotea.

Vitabu vingi vinaanza na haidrazini. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Ruoff, Marekani, lilichemsha oksidi na haidrazini kwa saa 24, na kutoka kaboni 2.7 kwa kila oksijeni moja wakafika 10.3. Ni kazi safi. Lakini haidrazini ni ile inayosukuma roketi na setilaiti, ni sumu inayopenya kwenye ngozi, inashukiwa kuleta saratani, na juu ya hayo inaacha nitrojeni imejishikiza kwenye grafini yako. Tuna chupa yake moja kabatini tangu kabla sijaajiriwa. Imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ninao mimi. Mwanafunzi akiniomba namuuliza: una mpango wa kwenda mwezini?

Badala yake watu wengi siku hizi wanatumia vitamini C. Wahispania walionyesha mwaka 2010 kwamba inaikaribia haidrazini, na inafanya hivyo kwa dakika kama 15 kwenye nyuzi 95. Nikasema hii ndiyo saizi yetu. Kosa langu la kwanza lilikuwa ubahili. Nilikwenda duka la dawa nikanunua vidonge vya kutafuna, vile vya watoto vya rangi ya chungwa, nikavitwanga kwenye kinu. Nasisitiza, mtu yeyote asirudie. Vidonge vile vina sukari, wanga, rangi na harufu ya machungwa, na vitamini yenyewe ni sehemu tu. Bika, ile gilasi ya maabara, lilitoka na mchuzi mweusi unaonata ukingoni, ulionukia pipi. Nilipouchuja karatasi iliziba ndani ya dakika moja. Pampu ikalia mpaka nikaihurumia.

Unga halisi wa asidi askobiki, ule mweupe wa maabara, ni habari nyingine. Kwa mililita 200 za ile chai ya rangi unahitaji miligramu 70 tu, ncha ya kijiko. Kopo la gramu 100 litakuzeesha. Mara ya kwanza niliweka unga, nikawasha moto, nikaacha kikorogeo cha sumaku kizunguke. Dakika ya tano chai ikawa kahawa. Dakika ya kumi ikawa nyeusi, na hapo hapo nikaona kosa la pili: vipande vyeusi vinaelea kama masizi kwenye maji ya kuoga. Oksijeni ikiondoka karatasi za kaboni hazipendi maji tena, zinakimbiliana zenyewe na kushikana. Ukishaziacha zishikane umerudi kwenye kinywe ulikotoka.

Dawa yake ni amonia. Matone machache, mpaka karatasi ya pH isome 9 au 10, kabla ya kuwasha moto. Pembeni mwa kila karatasi ya kaboni kunabaki vikundi vichache vya asidi, na kwenye maji ya namna hiyo vinabeba chaji hasi, basi karatasi zinasukumana badala ya kukumbatiana. Nilirudia na amonia nikapata wino. Namaanisha wino kabisa, kama wa ngisi anapokatwa kwenye sufuria, mweusi, laini, usiotuama. Kilele kwenye spektrofotomita kilihama kutoka 230 hadi 268. Nikauchuja kwenye karatasi ya chujio ya kipenyo cha milimita 47, nikaukausha, nikabandika ncha za maltimita sentimita moja kutoka moja hadi nyingine. Oksidi ambayo haijaguswa haikusoma chochote. Hii ilisoma omu 340, na omu zikiwa chache ndivyo umeme unavyopita vizuri zaidi. Najua maltimita si kipimo cha kuchapisha kwenye jarida, lakini kwa kulinganisha bika na bika inatosha, na ilinifanya nipige kelele peke yangu saa moja usiku na mlinzi akaja kuchungulia.

Sodiamu borohaidraidi nilijaribu mara moja na sina hamu nayo. Inatoa mapovu ya haidrojeni, inaliwa na maji yenyewe kabla haijamaliza kazi, na inashughulikia zaidi vikundi ambavyo oksijeni imeshikana na kaboni kwa kifungo maradufu huku vile vya aina ya alkoholi ikiviacha vimekaa. Mita ilisoma omu elfu 6 na ushee. Kwa bei yake, hapana. Asidi ya haidroiodiki sijaigusa, ingawa inasifiwa kwa mtu anayetaka utando ulioshatengenezwa ubaki mzima bila kupasuka.

Halafu kuna haidro.

Jumamosi moja nilikwenda Mbagala kumsalimia shangazi, ambaye amesomesha watoto wanne kwa batiki. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, usikanyage hapo, nta bado ya moto." Alikuwa na ndoo mbili, kopo la kostiki soda, na kopo la unga mweupe lenye mfuniko aliouzungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Alifungua, akachota kijiko, akafunga kabla hajakimwaga. Harufu ikanipiga, kama njiti za kiberiti zilizozimwa. "Hii ikila unyevu inakufa," akasema. "Na ikilowa ndani ya kopo inapata moto yenyewe. Jirani yangu stoo yake ilianza hivyo hivyo." Hiyo ndiyo haidro, yaani sodiamu haidrosalfaiti. Inauzwa Kariakoo kwa kilo, kwa bei ya mboga ukilinganisha na vitu vyangu vya maabara.

Kitambaa kilitoka kwenye ndoo kikiwa kijani kilichochafuka. Akakitundika kwenye kamba, na macho yangu yakiwa pale pale kikaanza kugeuka bluu, kuanzia kwenye mikunjo ya juu ambako upepo ulifika kwanza. Nimefundisha somo hilo ubaoni miaka mingi bila kuliona. Haidro inaipa rangi elektroni ili iyeyuke kwenye maji ya kostiki na kuingia kwenye uzi. Hewa ikija inazichukua, rangi inarudi ilivyokuwa na haitoki tena kwa maji. Kwenye chupa yangu mambo yamepinduka: yenye oksijeni ndiyo inayoyapenda maji, iliyovuliwa ndiyo inayoyakimbia.

Nikaomba kikombe kimoja cha haidro. Akanipimia nusu.

Jumatatu nilitia kijiko kidogo kwenye mililita 200 za oksidi na kostiki kidogo, nikapasha hadi nyuzi 60. Ilikuwa nyeusi kabla sijakaa kwenye stuli. Kwa haki ya jaribio niliweka bika la pili lenye kostiki peke yake bila haidro, na hilo nalo likakolea, polepole, likaishia kahawia ya kiatu. Kwa hiyo sehemu ya sifa ni ya kostiki, msije mkampa haidro zote. Ubaya wake ni chumvi. Chumvi nyingi kwenye maji inavunja kule kusukumana nilikokueleza, kwa hiyo wino haukai, unashuka chini kama makapi ya kahawa. Niliosha na kuchuja mara sita kabla maji hayajaacha kunuka kiberiti. Utando ulisoma omu 900 hivi. Si mzuri kama wa vitamini C, lakini kwa mwanafunzi ambaye posho yake haijatoka, na ambaye hahitaji wino unaoelea, mimi ningempa haidro bila kusita, dirisha likiwa wazi na miwani ikiwa usoni.

Jambo moja nataka lieleweke, kwa sababu naona watu wanaliruka kwenye ripoti zao. Hakuna hata njia moja kati ya hizi inayokupa ile grafini ya selotepu ya Manchester. Asidi na pamanganeti vilishatoboa karatasi za kaboni, na kuondoa oksijeni hakuzibi matundu. Andikeni oksidi ya grafini iliyopunguzwa oksijeni. Ni ndefu, lakini ndiyo jina lake, na msimamizi makini atawarudishia ripoti mkiandika fupi.

Wiki iliyofuata nilirudi Mbagala na chupa ndogo yenye mililita 30. Shangazi alinipa ukanda wa bafta, upana wa vidole viwili, aliokata pembeni mwa jora. Tuliuchovya kwenye oksidi, ukawa rangi ya chai, tukaukausha kivulini, tukaurudia mara tatu. Kisha akauzamisha mwenyewe kwenye ndoo ya haidro kwa kijiti chake. Ukatoka mweusi. Akautundika kati ya khanga mbili na kusubiri, mkono kiunoni.

"Hiyo yako ikipigwa na hewa hairudi?"

"Hairudi shangazi."

"Basi hiyo ni rangi."

Aliufua kwa sabuni ya mche, akausugua kama anavyosugua kola ya shati la mwanafunzi, akausuuza. Maji yalitoka na weusi kidogo mara ya kwanza, mara ya pili hayakutoka na kitu. Ulipokauka nikabandika ncha za maltimita: omu elfu 42. Tukafua tena mara tatu, ikapanda hadi elfu 55. Nikamweleza kwamba kile kitambaa sasa kinapitisha umeme, akakigusa kwa kidole kwanza, halafu kwa kiganja, akaniambia hakimrushi. Akauliza chupa kubwa ni shilingi ngapi. Nilipomtajia bei pamoja na nauli alicheka mpaka akashika ukuta, akarudi kukoroga ndoo yake ya bluu.